Je, wajua kwa nini moduli ya mtandao ya mashine inaweza kujibu ping (ujumbe mfupi wa kujaribu kama kifaa kinafikika) vizuri na mashine bado ikasimama ovyo?

Fundi wa kiwandani akiambiwa mashine inapoteza mawasiliano na PLC (kompyuta inayoendesha mashine), jambo la kwanza hupiga ping kwenye anwani ya IP ya moduli ya Etherneti. Majibu yanarudi yote, haraka. Anaona mtandao ni mzima, anageukia vitambuzi, waya na programu ya PLC. Siku nzima inapotelea huko, kwa sababu ping inaweza kupita bila shida kwenye mlango wa mtandao (port) uliopangwa vibaya.

Mpangilio wa kushuku ni dupleksi. Kwenye dupleksi kamili, kifaa kinatuma na kupokea kwa wakati mmoja. Kwenye nusu dupleksi mambo ni kama simu ya upepo: mmoja akizungumza, mwingine sharti asubiri. Kiwango cha IEEE 802.3u cha mwaka 1995, kilicholeta Etherneti ya megabiti 100 kwa sekunde, kiliweka utaratibu wa vifaa viwili kuelezana uwezo wao na kukubaliana vyenyewe.

Tatizo huanza pale mtu anapofunga mpangilio kwa mkono upande mmoja tu. Anaingia kwenye moduli, anachagua megabiti 100 na dupleksi kamili, akiamini kilichofungwa ndicho imara zaidi. Moduli inaacha kujieleza. Swichi, kifaa cha mtandao kilicho upande wa pili wa kebo, iliyobaki kwenye otomatiki, inatambua kasi kutokana na mawimbi yenyewe, lakini dupleksi haina pa kuisoma, na kiwango kinaitaka ichukue nusu. Taa zinawaka kijani pande zote mbili.

Sasa moduli inatuma wakati wowote ipendao. Swichi ikiwa katikati ya kutuma na kitu kikaingia, inahesabu huo ni mgongano na kukatisha. Moduli, isiyojua migongano, inapokea kipande cha fremu (kifurushi cha data) kisichopita ukaguzi wa CRC, hesabu ya kugundua data iliyoharibika, na kukitupa. Mgongano ukitokea baada ya baiti 64 za mwanzo, huitwa mgongano wa kuchelewa, na kwa kawaida swichi haiirudii fremu hiyo.

Kwa nini ping haioni haya? Kwa sababu inauliza, inasubiri, kisha inajibiwa. Pande mbili ni nadra kutuma pamoja. Mawasiliano ya mashine hayasubiri zamu. Kwenye EtherNet/IP, itifaki ya mawasiliano ya viwandani, data za I/O (za kuingia na kutoka kwenye mashine) husafiri kwa UDP, njia ya kutuma bila kuthibitisha mapokezi, kwa kawaida kwenye mlango wa kiprogramu namba 2222, kutoka pande zote kwa mpigo, na pakiti ikipotea hakuna anayeomba irudiwe. Muunganisho uliopangwa kutuma kila milisekunde 20, wenye kizidishi cha kusubiri cha 4, huvunjika baada ya kimya cha milisekunde 80. Ndiyo maana hitilafu huzidi pale mtu anapopakua programu au skrini ya opereta inapovuta data nyingi.

Ushahidi upo kwenye vihesabio vya makosa. Moduli nyingi zina ukurasa wake wa ndani: andika anwani ya IP kwenye kivinjari, fungua sehemu ya uchunguzi. Makosa ya CRC yakipanda kwenye moduli huku migongano ya kuchelewa ikipanda kwenye mlango wa swichi, huna haja ya kutafuta zaidi. CRC peke yake inaweza kuwa kebo mbovu au kelele za umeme kutoka kwenye motor, kwa hiyo soma pande zote mbili kabla ya kuagiza kebo mpya.

Tiba ni kulinganisha: pande zote otomatiki, au zote zifungwe sawasawa. Mimi napendelea otomatiki. Baadhi ya moduli hazifuati mpangilio mpya mpaka zizimwe na kuwashwa, basi fanya hivyo mashine ikiwa imesimama salama, rudisha vihesabio sifuri, kisha vitazame mzigo ukiwa mkubwa. Ukilazimika kufunga, andika mpangilio huo ndani ya mlango wa paneli. Moduli ya akiba kwa kawaida hutoka kiwandani ikiwa kwenye otomatiki, na atakayeiweka usiku wa dharura ataurudisha ugonjwa uleule bila kugusa mpangilio wowote.