Kufunga upya Land Rover ya zamani: wanavyosema na ilivyo

Arusha kila mtu ana ushauri kuhusu Land Rover, hata asiyemiliki baiskeli. Tangu lile tamasha la Land Rover la Oktoba 2024 washauri wameongezeka. Haya ndiyo yanayorudiwa sana kuhusu kuliunganisha tena gari lililofumuliwa.

"Kufunga ni kufungua kinyumenyume."
Ingekuwa kweli kama ungerudisha vitu vilevile. Lakini chesesi, ile fremu ya chini inayobeba gari zima, imechomelewa, mlango mmoja umetoka gari jingine, na ukuta wa chuma ulio kati ya injini na abiria umetiwa viraka. Hakuna kinachokaa pale kilipokuwa. Kwa hiyo gari hufungwa mara mbili, na mara ya kwanza ni bila rangi, nati zikiwa zimeshikizwa tu. Weka ule ukuta, kisha bodi ya nyuma, halafu ning'iniza milango. Uwazi unaozunguka mlango ndio utakaokuonyesha kama ukuta umelala au bodi imekaa nyuma mno. Unasogeza, unachomeka kipande cha bati chini ya bolti, unafunga mlango tena. Madigadi na boneti hufuata. Vikishalingana ndipo ufungue tena, upige rangi. Najua jirani anauliza kila siku rangi lini. Mwache aulize.

"Land Rover hailiwi na kutu, ni aluminiamu."
Bodi, ndiyo. Chesesi na ule ukuta ni chuma. Tena aluminiamu ikigusana na chuma penye unyevu, yenyewe ndiyo huliwa na kuwa unga mweupe. Paka rangi ya msingi pande zote mbili kabla ya kuzikutanisha, maana masika ya Moshi hayana huruma.

"Spana 13 inatosha."
Series, yaani zile Land Rover za zamani za I, II, IIA na III, zilifungwa kwa nati za inchi. Nati ya spana ya nusu inchi ni milimita 12.7. Spana 13 itaishika leo, kesho nati imekuwa duara. Mafundi wazee wa Unga Ltd, mtaa wa hapa Arusha, bado wana seti za inchi, kaombe.

"Kaza kila kitu mpaka mwisho."
Bolti za bushi za springi, yaani vile vipande vya mpira kwenye ncha za springi, hukazwa gari likiwa limesimama kwa matairi yake, likiwa limebeba injini na bodi. Ukizikaza chesesi ikiwa bado juu ya stendi, uzito ukishuka mpira wa bushi hujipinda, na hupasuka mapema. Silinda hedi, kile kichwa cha juu cha injini, kwenye injini ya petroli ya lita 2.25 nayo ina kipimo chake, pauni-futi 65, na hukazwa kwa awamu kuanzia katikati.

"Hasi ya betri ndiyo huenda kwenye bodi."
Kwa Series III, sawa. Series I, II na IIA za mwanzo zilitoka kiwandani chanya ikiwa ndiyo inayofungwa kwenye bodi. Nyingine zilishageuzwa na wenye gari waliotangulia, basi usikisie: muulize aliyekuuzia, na ujue dainamo au altaneta iliyopo, ile inayochaji betri, ni ya hasi au ya chanya kwenye bodi kabla hujagusisha waya. Altaneta ikiunganishwa kinyume, diodi zake huungua papo hapo.