Gari Lako Linalala Wapi? Umeme wa Bei Nafuu na Hatima ya Petroli

Watu wanaojua kuwa kazi yangu ni kusanifu mifumo ya betri za magari huniuliza swali moja kwa namna nyingi: je, magari ya umeme ya bei nafuu yatayaondoa ya petroli barabarani? Jibu langu lina sehemu mbili, na huwaudhi wanaotaka neno moja tu. Kwa upande wa magari mapya, petroli imeanza kushindwa na sioni itakavyojinasua. Barabarani, ambako magari ya miaka mitano na ya miaka ishirini hupita pamoja, itaendelea kuwapo kwa muda mrefu, na kitakachoichelewesha kuondoka si betri, kama wengi wanavyodhani, bali ni mahali gari linapolala usiku. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, kwa hiyo msomaji ana haki ya kuyapima maneno ya mtu wa betri kwa tahadhari. Ndiyo maana nitaweka hesabu zangu hadharani.

Tuanze na bei ya betri, kwa kuwa ndiyo iliyolifanya swali hili liwe la kweli. Kwa mujibu wa makadirio ya BloombergNEF, kampuni ya utafiti wa nishati, yanayozingatia mfumuko wa bei, mwaka 2010 pakiti ya betri ya lithiamu iligharimu zaidi ya dola 1,100 za Marekani kwa kila kilowati-saa, yaani uniti moja ya umeme. Mwaka 2024 wastani ulikuwa dola 115. Chukua gari dogo lenye betri ya kilowati-saa 40, inayotosha mwendo wa kilomita 250 hivi. Kwa bei ya kwanza, betri peke yake ingekula dola 44,000, na hapo hujanunua hata tairi moja. Kwa bei ya pili, ni dola 4,600.

Sehemu kubwa ya anguko hilo imetokana na ukubwa wa viwanda, lakini sisi wa fani hii tunajali zaidi mabadiliko ya kemia. Betri nyingi za awali zilitegemea nikeli na kobalti, metali ghali ambazo bei yake hupanda na kushuka bila taarifa. Betri za aina ya LFP (lithiamu, chuma na fosfeti) hutumia chuma na fosfeti badala yake. Uwezo wa nyenzo hiyo ulibainika katika maabara ya mwanasayansi John Goodenough, Chuo Kikuu cha Texas, katika miaka ya 1990, kisha ikadharauliwa kwa muda mrefu kwa sababu kwa uzito uleule hubeba nishati pungufu. Kilichoirudisha ni ufundi wa kupanga seli, yaani vibetri vidogo vinavyounda betri nzima. Zamani seli ziliwekwa katika makasha madogo, na makasha hayo yakaingizwa katika kasha kubwa. Baadaye watengenezaji walianza kuzipanga moja kwa moja ndani ya pakiti, kama BYD, watengenezaji wa magari wa China, walivyofanya na betri yao ya Blade mwaka 2020, na nafasi iliyokuwa ikiliwa na kuta na nyaya ikajazwa seli. Kufikia mwaka 2024, LFP ilikuwa karibu nusu ya uwezo wote wa betri zilizofungwa katika magari ya umeme duniani. Huvumilia kuchajiwa mara maelfu, tena haishiki moto kwa wepesi kama zile zenye nikeli. Udhaifu wake uko kwenye baridi: joto likishuka chini ya nyuzi sifuri, hupokea chaji kwa kusuasua hadi ipashwe moto kwanza.

Matokeo yake yanaonekana China. Mwaka 2020 Wuling Hongguang Mini EV, gari dogo kabisa la mjini, lilianza kuuzwa kwa yuan 28,800. Mwaka 2023 likaja BYD Seagull, gari kamili la milango mitano, kwa bei iliyoanzia chini ya yuan 80,000, ambazo ni dola elfu kumi na ushei. Shirika la Kimataifa la Nishati linaeleza kuwa takribani theluthi mbili ya magari ya umeme yaliyouzwa nchini humo mwaka 2024 yalikuwa na bei ya chini kuliko magari ya injini ya daraja lake, hata kabla ya kuhesabu ruzuku. Nje ya China picha ni tofauti, na sababu zake si za kihandisi: kuna ushuru (Marekani iliupandisha hadi asilimia 100 kwa magari ya umeme ya China mwaka 2024), kuna gharama za usafirishaji, na kuna watengenezaji wanaopenda kuuza magari makubwa kwa kuwa ndiyo yenye faida nene.

Upande wa uendeshaji, umeme una faida ambayo hakuna mhandisi wa injini anayeweza kuifuta. Lita moja ya petroli ina nishati ya karibu kilowati-saa 9. Gari dogo linalokunywa lita 6 kwa kilomita 100 huteketeza kilowati-saa 54 kufanya kazi ambayo gari la umeme la ukubwa huo huifanya kwa 15 hivi, kwa sababu injini hugeuza sehemu kubwa ya mafuta kuwa joto linalotokea kwenye rejeta na bomba la moshi, ilhali mota hupoteza kidogo sana, na dereva anapopunguza mwendo hurudisha sehemu ya nishati kwenye betri. Oili ya injini, plagi, mkanda wa taimingi na klachi havipo. Matairi huisha upesi kidogo kwa sababu ya uzito, na hilo ni vyema likasemwa.

Kutokana na hesabu hiyo napata kanuni ninayompa kila anayeniomba ushauri. Ukijumlisha umeme unaopotea wakati wa kuchaji, gari la umeme lina nafuu ya uendeshaji maadamu bei ya kilowati-saa moja haizidi theluthi ya bei ya lita moja ya petroli. Chukua bei zako mwenyewe ufanye mgawanyo; hauchukui dakika. Lakini hakikisha ni bei ya umeme utakaoutumia wewe, katika mahali utakapochajia wewe, kwa sababu hapo ndipo mambo yanapoachana.

Mwenye soketi mahali gari lake linapolala yuko katika dunia yake. Gari linalotembea kilomita 40 kwa siku linahitaji kilowati-saa 6 au 7, ambazo soketi ya kawaida ya kilowati 2.3 huzirudisha kwa saa tatu hivi, na chaja ya ukutani ya kilowati 7 huzirudisha kwa saa moja. Gari lina usiku mzima wa kufanya hivyo, wakati gridi haina shughuli nyingi na mashirika kadhaa ya umeme hutoza bei pungufu. Kwa mtu huyo kanuni ya theluthi hutimia karibu kila mara.

Asiye na soketi hutegemea kituo cha kuchajia haraka, na humo kilowati-saa ileile ina gharama nyingine kabisa. Mashine ya kilowati 150 inahitaji transfoma, nyaya nene, ardhi na kibali cha kuunganishwa na gridi. Aghalabu shirika la umeme humtoza mwenye kituo kwa uniti alizotumia na pia kwa kilele cha mzigo wake, yaani umeme mwingi zaidi aliouvuta kwa wakati mmoja, hata kama kilele hicho kilidumu dakika chache. Mashine ikitumika saa tatu tu kwa siku, gharama zote hizo hugawanywa kwa uniti chache, na bei kwa mteja mara nyingi hufika maradufu ya ile ya nyumbani, au zaidi. Kanuni ya theluthi huvunjika hapo. Isitoshe, magari mengi ya bei nafuu hupokea kilowati 30 hadi 80 tu hata yakichomekwa kwenye mashine ya 150, kwa sababu betri yake ni ndogo na mfumo wake wa kupoza umerahisishwa ili kupunguza bei.

Sasa tazama nani hasa hununua gari la bei nafuu. Mara nyingi ni mpangaji, anaishi ghorofani, na huegesha kando ya barabara au katika uwanja wa pamoja asiokuwa na mamlaka ya kuchimba mtaro wa waya ndani yake. Wenye nyumba zenye gereji, ambao wangeweza kumudu petroli bila kuumia, ndio waliotangulia kununua umeme na ndio wanaochaji kwa bei ya chini. Gari likishuka bei, humfikia mtu ambaye kwake umeme wa kuliendesha ni ghali. Mijadala mingi kuhusu magari haya huishia kwenye bei ya dukani na kuliacha jambo hili pembeni, nami naliona kuwa ndilo kubwa kuliko yote.

Historia inaonyesha uzito wake. Mwaka 1900 nchini Marekani kulitengenezwa magari takribani 4,200, na zaidi ya theluthi yake yalikuwa ya umeme. Ya petroli ndiyo yaliyokuwa machache kuliko ya umeme na ya mvuke. Petroli ilishinda kwa sababu tatu. Ford Model T, lililotoka mwaka 1908, lilishushwa bei mwaka hadi mwaka hadi kufika dola 260 mwaka 1925. Stata ya umeme, iliyofungwa kwenye Cadillac mwaka 1912, ilimwondolea dereva adha ya kuzungusha mkono wa chuma ili injini iwake. Na petroli iliweza kubebwa kwenye debe hadi mahali ambapo nguzo ya umeme haijafika. Bei na wepesi wa kutumia vimeanza kuhamia upande wa umeme. Debe bado lina nguvu.

Halafu kuna hesabu ya magari yaliyokwisha kuuzwa. Mwaka 2024 zaidi ya magari milioni 17 ya umeme yaliuzwa duniani, yaani zaidi ya moja katika kila matano mapya, ingawa takwimu hizo hujumuisha haibridi za kuchomekwa, yaani magari yenye betri ya kuchajiwa na injini pamoja, ambazo bado zina tangi la mafuta. Nchini Norwei, ambako misamaha ya kodi ilianza tangu miaka ya 1990, asilimia 89 ya magari mapya ya mwaka huo yalikuwa ya umeme mtupu. Hata hivyo ilikuwa Septemba 2024 tu ndipo magari ya umeme yaliyosajiliwa yalipoyapita ya petroli kwa idadi, na ya dizeli yalikuwa bado yanaongoza. Wastani wa umri wa gari katika Umoja wa Ulaya na Marekani umepita miaka 12. Kwa hiyo hata nchi ambayo kuanzia kesho isingeuza gari jipya la injini ingehitaji zaidi ya muongo mmoja kuyabadilisha yaliyopo.

Tena gari linaloondoka katika nchi moja si lazima liende kuyeyushwa. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilieleza kuwa kati ya mwaka 2015 na 2018 magari mepesi milioni 14 yaliyotumika yalisafirishwa kutoka Ulaya, Japani na Marekani, mengi yakielekea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kadiri wanunuzi wenye uwezo wanavyohamia kwenye umeme, magari yao ya petroli yatazidi kupatikana kwa bei ya kutupa kwingineko, na mnunuzi wa gari lililotumika atalinganisha bei hiyo na ya gari la umeme lenye betri asiyoijua. Watengenezaji wengi hutoa dhamana ya miaka 8 au kilomita 160,000 kwa betri, lakini mnunuzi wa tatu mara nyingi hufika ikiwa imekwisha. Anayenunua namna hiyo namshauri adai kipimo cha afya ya betri kilichochukuliwa baada ya kuichaji hadi ijae. Kwa LFP hili ni la lazima, kwa kuwa volti yake hubaki karibu ileile kwa sehemu kubwa ya chaji, na kompyuta ya gari hukosea makadirio isipojazwa mara kwa mara.

Serikali zinaweza kuharakisha au kuchelewesha. Etiopia ilipiga marufuku uingizaji wa magari binafsi ya petroli na dizeli mwaka 2024, huku Marekani ikiufuta unafuu wake wa kodi wa dola 7,500 mwishoni mwa Septemba 2025. Sera za aina hii hubadilika na wanasiasa, nami sizipi uzito sawa na ule wa bei ya betri. Haibridi nazo zitawafaa wengi kwa miaka kadhaa, hasa wanaosafiri mbali penye umeme wa kubahatisha na wanaovuta mizigo mizito.

Ninachokifuatilia kwa karibu ni kanuni za ujenzi, ambazo hakuna anayeziandikia vichwa vya habari. Tangu Juni 2022, nyumba mpya nchini England yenye maegesho yake hutakiwa kuwekewa chaja, na maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2024 kuhusu majengo yanataka majengo mapya ya makazi yenye maegesho zaidi ya matatu yatandazwe nyaya mapema. Kulaza bomba la waya kabla zege halijamwagwa ni gharama ndogo sana katika bajeti ya jengo. Kulipitisha miaka kumi baadaye kunahitaji kuvunja sakafu, kuongeza uwezo wa transfoma, na kuwakutanisha wapangaji na wamiliki ambao nusu yao hawana gari la umeme wakubaliane kuchanga. Anayejenga au kununua nyumba ya ghorofa sasa aulize kuhusu bomba hilo kabla ya kutia saini, hata kama gari lake la leo linakunywa petroli.