Kwa nini suruali ya mtoto hutoboka gotini?

Kwa miaka mingi niliamini suruali hutoboka siku mtoto anapoanguka. Katoka asubuhi suruali nzima, karudi jioni goti liko nje, basi namfokea: ulikuwa unakimbilia wapi? Nilikuwa namwonea. Tundu lile lilianza wiki nyingi nyuma. Kuanguka kulimalizia tu.

Uzi wa pamba si kitu kimoja kirefu. Ni nyuzinyuzi fupi, nyingi za sentimita 2 hadi 3, zilizosokotwa pamoja. Hakuna gundi, hakuna fundo. Zinashikana kwa msuguano tu, kama kamba. Ukiivuta kamba, nyuzinyuzi zake huzidi kubanana, ndiyo maana mikono mitupu haiikati. Lakini isugue ukutani kila siku. Ukuta utachomoa unyuzi mmoja, kesho mwingine, na kila unaotoka unalegeza wenzake. Kamba inaota manyoya, inakonda, mwisho inakatika kwa mvuto mdogo kabisa. Goti la mtoto anayetambaa na kucheza chini hufanya hivyo hivyo: kitambaa kimebanwa kati ya mfupa na sakafu.

Jinzi ya buluu inaonyesha jambo hili vizuri ajabu. Kwa kawaida nyuzi zake za wima ni za buluu, za kukingama ni nyeupe, na kila ya buluu hupita juu ya nyeupe 3 kabla ya kuzama chini ya 1. Kwa hiyo buluu ndiyo inayolika kwanza. Tazama tundu la goti kwa karibu: nyuzi nyeupe zimebaki zimekingama kama vipago vya ngazi.

Je, nguo za siku hizi ni dhaifu zaidi? Kitambaa chepesi, nyuzinyuzi fupi na msokoto uliolegezwa ili nguo iwe laini, vyote hupunguza maisha yake. Ila tuwe waangalifu tunapolinganisha: nguo ya zamani tunayoisifia ni ile iliyonusurika. Zilizochakaa ziligeuka matambara zamani, hakuna anayezikumbuka.

Siku hizi nikianua nguo, nainua goti la suruali kuelekea kwenye mwanga. Mwanga ukipenya, natia kiraka kwa ndani siku hiyo hiyo, maana bado kuna nyuzi za kushika mshono.