Kulungu Wako wa Kwanza: Kumtumbua Porini Bila Kupoteza Nyama

Msimu wa uwindaji ukifunguliwa mimi nashinda kwenye kituo cha ukaguzi, kulungu wanaletwa nyuma ya magari, tunapima uzito, tunafungua mdomo kuangalia meno tujue umri, tunachukua sampuli. Kuna jike mmoja aliletwa asubuhi na kijana ambaye ndo kwanza amewinda, mnyama mzuri amenona, kijana mwenyewe uso unang'aa kwa furaha. Alimpata jana yake jioni, giza likamkuta, akaogopa kumpasua peke yake akaona bora amlaze nje usiku kucha maana kulikuwa na kibaridi, kesho yake atapata mtu wa kumsaidia. Nikamshika mnyama kwa nje, ngozi baridi kabisa. Nikachoma kisu kwenye paja mpaka kwenye mfupa wa nyonga nikaingiza kidole, bado kuna uvuguvugu, na ile harufu ya uchachu ikanipanda puani hapohapo, tumbo nalo limeumuka limekaza kama ngoma. Mapaja yote mawili yakatupwa, na nyama ya ndani ya mgongo nayo ikatupwa. Yule kijana hakusema kitu muda mrefu, na mimi iliniuma maana hakufanya uzembe, hakuna tu mtu aliyemwambia.

Ndo maana naandika haya kwa anayekwenda kuwinda mara ya kwanza. Na nikisema kulungu hapa nazungumzia ile jamii ambayo madume wake wengi wanaota pembe zenye matawi zinazodondoka na kuota upya kila mwaka, maana jina hili kwa Kiswahili linabeba wanyama kadhaa, ila kazi ya kisu inafanana sana hata kwa wengine.

Cha kuelewa kwanza ni joto. Kulungu aliye hai ana nyuzi 38 au 39 hivi za Selsiasi, akifa lile joto haliondoki lenyewe haraka kwa sababu nywele zake, hasa zile za msimu wa baridi, zina uwazi ndani kama mrija na zinashika hewa, yaani amevaa blanketi. Alafu ndani ana tumbo la kwanza, lile kubwa la wanyama wanaocheua, limejaa majani na mabilioni ya vijidudu vinavyoyachachusha, na vile vijidudu havijui kama mwenye tumbo amekufa, vinaendelea na kazi, vinatoa gesi na joto. Bakteria wa kuharibu nyama wanazaliana haraka kati ya nyuzi 4 na 60, na joto la mwili wa mnyama liko palepale wanapopapenda. Kwa hiyo ukimtumbua unafungua mlango joto litoke na unaondoa kile kiwanda cha gesi. Wanafunzi wangu nawaambia kisu kiende polepole, ubaridi ndo uwahi. Mzoefu anamaliza kwa dakika 10 au 15, wewe ukitumia saa nzima ya kwanza hakuna kilichoharibika, kinachoharibu ni kumwacha hajaguswa mpaka kesho.

Kabla ya kisu kuna mambo machache. Ukishapiga subiri, usikimbilie, mnyama aliyejeruhiwa akikuona anakuja anainuka na kukimbia mbali akafie usikompata. Msogelee kwa nyuma, upande wa mgongo, mbali na kwato na pembe, na umguse jicho kwa kijiti kirefu. Mnyama aliyekufa macho yanabaki wazi na hayapepesi, ukiona amefumba macho jua bado yuko hai. Akiwa amekufa kweli, toa risasi zote kwenye bunduki uiweke pembeni, maana mikono ikishakuwa na damu inateleza na akili yote iko kwa mnyama. Kama eneo lako linataka mnyama afungwe lebo ya kibali kabla hajasogezwa, ifunge sasa hivi, na soma kibali chako vizuri kwa sababu sehemu nyingine wanataka alama ya jinsia ibaki kwenye mzoga, usije ukaikata ukajikuta na kesi.

Vifaa sio vingi. Kisu cha makali ya sentimita 8 mpaka 10 kinatosha, lile panga kubwa unalolitamani litakutoboa matumbo tu. Kiwe kikali kweli, kisu butu kinakufanya utumie nguvu na nguvu ndo inateleza. Glavu za mpira jozi mbili, kipande cha kamba, tochi ya kuvaa kichwani, vitambaa safi, maji ya kunywa, na chupa za maji zilizoganda barafu zikusubiri kwenye gari. Glavu usizidharau, kuna magonjwa yanayotoka kwa mnyama kuja kwa mtu kupitia damu na michubuko, kama bruselosi, ugonjwa wa bakteria unaoleta homa, na kupe nao mwili ukianza kupoa wanahama kutafuta wa kumng'ang'ania, na wewe ndo uko karibu.

Haya, mlaze chali, kichwa kiwe juu kidogo kuliko makalio ili vitu vielekee chini. Ukiwa peke yako funga mguu mmoja wa nyuma kwenye mti ukae umetanuka. Kwenye miguu ya nyuma upande wa ndani utaona manyoya meusi yenye harufu kali, pale kuna tezi, na wapya wengi wamesikia eti lazima uzikate kwanza. Usiziguse. Hazina madhara kwa nyama zikibaki mahali pake, madhara yanakuja ukizikata alafu kisu hichohicho ukakipeleka kwenye nyama.

Mimi nafundisha kuanzia nyuma. Zungushia kisu kwenye tundu la haja kubwa, kata duara ukifuata mfupa wa nyonga kwa ndani, kina kirefu kiasi, ule utumbo wa mwisho uachane na nyama kisha uvute nje kidogo uufunge kamba kwa nguvu. Hiyo kamba ndo inazuia kinyesi kisimwagike utakapouvuta kupitia ndani. Watu wanaruka hii hatua kwa kinyaa, baadaye wanajuta.

Sasa mkato wenyewe, na hapa nataka usome taratibu. Papasa kidari, shuka mpaka mfupa unapoishia, pale chini yake ni laini. Finya ngozi uivute juu, kata tundu dogo la kuingia vidole viwili, ngozi kwanza kisha ile nyama nyembamba ya chini yake. Ukipenya utasikia hewa inaingia, fyuu, na utaona kitu cha kijivu kinang'aa, ndo tumbo lenyewe, liko karibu kuliko ulivyodhani. Ingiza kidole cha shahada na cha kati, kiganja kikitazama juu, uvitanue, unyanyue ngozi na nyama kama unainua pazia, kisu kikae katikati ya vidole makali yakitazama angani. Hapo tembea polepole kuelekea nyonga, vidole vinasukuma matumbo chini na kisu kinakata juu. Ukikata hivi kutoka ndani kwenda nje hata manyoya hayakatiki ovyo kujaa kwenye nyama. Mikono itatetemeka, ni kawaida, simama uvute pumzi alafu endelea.

Ukifika mwisho matumbo yatachomoza yenyewe na mvuke utapanda na harufu ya majani yaliyochacha. Wengi wanashtuka wanadhani mnyama ameoza. Hajaoza, ndo harufu ya tumbo la mcheuaji, nyama iliyooza inanuka tofauti na utaijua.

Mbele utakuta kiwambo, ule utando mwembamba wenye nyama unaotenganisha tumbo na kifua. Ukate ukifuata mbavu pande zote mbili, damu iliyokusanyika kifuani itamwagika, acha itoke. Sasa panda na mkono kupitia kifuani mpaka shingoni, kiwiko kitazama kabisa, ushike koo la hewa, utalijua kwa vidole maana lina pingili kama bomba. Hapa ndo wawindaji wanajikata, kwa sababu mkono unaoshika na mkono wenye kisu viko gizani pamoja na huoni kitu. Kidole gumba kikae mgongoni mwa kisu, jua mkono wa pili uko wapi kabla hujakata, kata juu kadiri unavyoweza pamoja na umio, kisha toa kisu nje kwanza ukiweke chini, ndo ushike kwa mikono miwili uvute kuelekea nyuma. Mapafu, moyo, ini na matumbo vitakuja kwa mkupuo mmoja, panaposhikana na mgongo unapakata kidogokidogo. Kibofu cha mkojo ukikiona, kibane shingo yake kwa vidole kabla ya kukikata. Ule utumbo uliofunga kamba uvute upitie ndani ya nyonga, uinamishe mzoga ubavu, vyote nje. Mfupa wa nyonga huna haja ya kuupasua huko porini. Kilichotoka ni kama moja ya tano ya uzito wote wa mnyama, mgongo wako utafurahi ukianza kumburuta.

Usiondoke kabla hujaviangalia hivyo viungo, na kwangu hii ni hatua muhimu kama ya kisu. Ini la kulungu mzima ni laini, jekundu iliyokoza, kingo zake kali. Na usitafute nyongo kwenye ini, kulungu hana kibofu cha nyongo, kila msimu kuna mtu ananiuliza imepotelea wapi. Ukikuta madoadoa meupe, vijipu, usaha, au vinundu vya rangi ya maziwa vimeshika kwenye mapafu na ndani ya mbavu, acha kazi, piga picha, usile, wasiliana na ofisi ya wanyamapori, vinundu vile vinaweza kuwa kifua kikuu cha ng'ombe.

Na kama umelitoboa tumbo? Inatokea, hata risasi yenyewe inaweza kulitoboa kabla yako. Usikate tamaa ukatupa mnyama mzima. Mwinamishe ile rojo ya kijani itoke, futa kwa kitambaa kikavu, kisha kata uitupe nyama yote iliyoguswa, usibakize kipande kwa huruma. Maji ya kijito usitumie, yana vijidudu vyake. Maji ya kunywa kidogo sawa, ila ukaushe hapohapo, unyevu unawalea bakteria. Kwenye njia ya risasi nako kata kwa ukarimu hasa kama risasi ni ya madini ya risasi, inapasuka vipande vidogo visivyoonekana kwa macho na vinasambaa mbali na tundu, na hakuna kiwango cha madini hayo kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

Sasa poza. Tanua mbavu kwa kijiti, mweke kivulini, weka zile chupa za barafu ndani ya tumbo lililo wazi, chupa ni bora kuliko barafu tupu maana barafu ikiyeyuka inalowesha nyama. Usimfunge kwenye turubai, umemrudishia blanketi. Kama nje kuna zaidi ya nyuzi 10 mchune ngozi mapema, usisubiri kesho, na pale kwenye nyonga pafungue mpaka mfupa uonekane, nyama nene inapoa mwisho kuliko zote, kumbuka yule jike. Kipimajoto cha jikoni kichomeke kwenye paja mpaka kiguse mfupa, unatafuta nyuzi 4 au chini ya hapo, na ukishazifikia zibaki hapo.

Kuna jambo moja la mwisho kwa wanaowinda maeneo yenye ugonjwa wa kudhoofika sugu, ule unaoharibu ubongo wa kulungu mpaka anakonda na kufa. Ulionekana mara ya kwanza mwaka 1967 kwa kulungu waliofugwa Colorado, Marekani, na mwaka 2016 ukapatikana Norwe. Unasababishwa na prioni, protini iliyokunjika vibaya, na prioni haifi kwa kupika wala kugandishwa. Mpaka sasa hakuna mtu aliyethibitika kuugua kwa kula nyama hiyo, ila sisi hatushauri kula nyama ya mnyama aliyepimwa akakutwa na ugonjwa huo, na mnyama aliyekonda sana, anayetokwa mate, anayeyumba, asipigwe kwa ajili ya chakula, toa tu taarifa. Porini usikate ubongo wala uti wa mgongo, na usihamishe mifupa kwenda eneo lingine bila kusoma sheria. Tuletee kichwa na kipande cha shingo, kimefungwa vizuri na kina ubaridi, tezi tunazopima ziko nyuma ya koo. Nyama yako ifunge pakiti, iandike tarehe na namba ya sampuli, iweke kwenye friza, usichanganye na ya mnyama mwingine, na usiifungue mpaka majibu yatoke.