Ironbridge: daraja la kabari kwenye bonde lisilotulia

Watu wengi wakifika Ironbridge, mji mdogo wa Shropshire huko Uingereza, husimama juu ya daraja wakapiga picha ya mto Severn. Mimi ni mhandisi wa madaraja, kwa hiyo nilianzia chini. Nilishuka hadi ukingoni, nikainua kichwa na kutafuta boliti. Ukiacha zinazofunga nusu za mbavu kileleni mwa tao la daraja, na zilizoongezwa baadaye katika matengenezo, hakuna. Mbavu za chuma zimeungwa kama seremala anavyounga kitanda: ulimi umepenya kwenye tundu, kabari imegongwa pembeni ili usicheze, basi.

Mwaka 1779, tao hilo liliposimamishwa, hakuna aliyewahi kujenga daraja kubwa la chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Aliyelichora, Thomas Pritchard wa Shrewsbury, alikuwa amejifunza useremala ujanani, akatumia alichokijua. Alifariki Desemba 1777, hakuliona. Mzigo ukamwangukia Abraham Darby wa tatu, mwenye matanuri ya Coalbrookdale, mwendo mfupi kutoka hapo. Tani 378 za chuma, vipande karibu 1,700, mita 30 na ushee kutoka upande hadi upande. Gharama zilivuka makadirio kwa mbali, na Darby akaishi na madeni hadi alipofariki mwaka 1789. Makandarasi mnaonisoma mnaijua hadithi hii.

Babu yake, Abraham Darby wa kwanza, alikuwa mtu wa vyungu vya chuma. Alitaka vyungu vyepesi ambavyo mtu wa kawaida angemudu kununua, na mwaka 1709 akafanikiwa kuyeyusha chuma kwa makaa ya mawe yaliyochomwa kwanza kuondoa moshi na salfa, badala ya makaa ya miti. Vitabu huita jambo hilo chimbuko la mapinduzi ya viwanda. Mimi nalikumbuka kila nikiona chungu jikoni.

Kwa muda mrefu wana fani tulibishana: mbavu hizo, kila nusu ikiwa na zaidi ya tani tano, ziliinuliwa vipi bila kuzuia mashua zilizopita mtoni kutwa? Mwaka 1997, mjini Stockholm, ukajitokeza mchoro mdogo wa rangi za maji wa msanii wa Uswidi, Elias Martin, aliyekuwepo ujenzi ukiendelea. Unaonyesha jukwaa la mbao limesimama mtoni, likitumika kama winchi. Vitabu vyetu vyote, kumbe jibu limo kwenye karatasi ya mchoraji!

Daraja lilipofunguliwa siku ya mwaka mpya 1781, mji wenyewe ulikuwa bado. Ulikua baadaye: hoteli upande wa pili wa barabara, uwanja wa soko, maduka, na nyumba zikipanda mlima moja juu ya nyingine. Hapo ndipo shida ya bonde hili ilipo. Kuta zake ni udongo wa mfinyanzi na tabaka za makaa, zimechimbwa kwa karne nyingi, na mto unazila chini. Pande zote mbili zinateleza kuelekea mtoni na kulibana daraja katikati. Nyufa ziliripotiwa kabla ya miaka 10 kupita. Ilibidi mwaka 1973 na 1974 imwagwe zege chini ya mto, kutoka ukingo hadi ukingo, ili kuzuia pande hizo zisikaribiane. Kwa maoni yangu kazi hiyo isiyoonekana ni ya kishujaa kuliko tao lenyewe, ila hakuna anayeipiga picha.

Wenyeji nao wamejipanga kwa namna yao. Kanisa la Mtakatifu Luka, la mwaka 1837, limegeuzwa: mnara uko mashariki na altare magharibi, kinyume cha desturi, kwa sababu upande wa magharibi ardhi isingebeba uzito wa mnara. Jackfield, mwendo mfupi kando ya mto, haikubahatika. Mwaka 1952 ardhi iliporomoka na nyumba zaidi ya 20 zikaenda nayo.

Maji ni habari nyingine. Mafuriko ya 1795 yaliharibu madaraja mengi ya Severn, hili likabaki zima kwa sababu tao lake limejaa uwazi na maji hayakupata cha kusukuma. Siku hizi mto ukijaa, kuta za muda za chuma husimamishwa mbele ya maduka, na wenye nyumba husubiri wakisikiliza pampu. Februari 2020 maji yalizisukuma kuta hizo zikasogea.

Kwenye nyumba ya ushuru, walipolipia watu kuvuka daraja, bado lipo bango la viwango. Linasema wazi kwamba hata askari aliye kazini na familia ya kifalme watalipa. Ushuru huo ulitozwa hadi mwaka 1950. Inasimuliwa kwamba mmoja wa ukoo wa Rogers, mafundi wa vimtumbwi vya mviringo vinavyofanana na ungo, alikataa kulipa na akawa anavuka kwa kimtumbwi chake. Kila Agosti watu hushindana kwa vyombo hivyo mtoni hapo. Nilijaribu. Ukipiga kafi upande mmoja, kinazunguka tu mahali pamoja. Mzee mmoja ukingoni alinionyesha kwa mikono: kafi huchora umbo la nane mbele yako, siyo pembeni. Nilikuwa nimeshalowa.