Kisima cha zamani si pipa tupu
Wengi huamini kwamba kisima cha mafuta kikianza kutoa maji karibu matupu, mafuta yamekwisha. Sivyo. Mafuta hayakai kama ziwa chini ya ardhi. Yamo kwenye vitundu vya mwamba, na hata baada ya kusukumwa kwa maji, mara nyingi zaidi ya nusu hubaki humo, matone yaliyonaswa. Kemikali za jamii ya sabuni huyanasua. Polima, kemikali za molekuli ndefu, huyafanya maji kuwa mazito yasiyapite mafuta.

Lakini kabla ya kuziingiza kisimani, zipime kwanza maabara. Chukua kipande cha mwamba wa eneo lenyewe, kijaze maji ya chumvi, kisha mafuta. Sukuma kwa maji hadi mafuta yakome, ndipo uingize kemikali, katika joto lilelile la chini ya ardhi. Usitumie maji ya bomba: kalsiamu iliyo katika maji ya chumvi ya chini ya ardhi ndiyo hugandisha sabuni, na bila hiyo jaribio litakudanganya.