Riba Peke Yake Haitulizi Bei za Nyumba

Swali tunaloulizwa mara nyingi ni hili: bei za nyumba zikipaa, kwa nini benki kuu isipandishe riba, basi? Jibu linaanzia kwenye hesabu ya rejesho.

Chukua mkopo wa milioni 100 kwa miaka 25, riba 8%. Rejesho la mwezi ni kama 772,000. Riba ikishuka hadi 4%, rejesho hilohilo linabeba mkopo wa takriban milioni 146. Mshahara haujaongezeka hata senti, lakini mnunuzi anaingia sokoni na fedha nyingi zaidi, na wenzake vivyo hivyo. Nyumba haijengwi kwa wiki mbili, kwa hiyo kinachopanda kwanza ni bei. Bei ikipanda, thamani ya dhamana inapanda nayo, benki inapata ujasiri wa kukopesha zaidi, na mikopo hiyo inasukuma bei tena. Mambo yakigeuka, mzunguko huohuo unavuta kila kitu chini.

Ni kweli kwamba riba inaweza kuukata mzunguko huo. Tatizo ni kwamba haichagui: inamfikia anayenunua nyumba ya tatu kwa ulanguzi, na inamfikia pia mwenye kiwanda aliyekopa kununua mashine. Marekani, riba ya benki kuu ilikuwa 1% mwaka 2003, ikapandishwa kidogo kidogo hadi 5.25% kufikia Juni 2006. Wakati huo mikopo mingi ilishatolewa kwa watu ambao hata kipato chao hakikuthibitishwa. Kwa maoni yangu ulegevu huo ulidhuru kuliko riba ndogo yenyewe, ingawa wachumi wangali wanabishana.

Ndiyo maana wasimamizi wa mabenki wana zana nyingine, za kulinda uhimilivu wa mfumo mzima wa fedha: ukomo wa mkopo kulinganisha na thamani ya nyumba, ukomo kulinganisha na kipato cha mkopaji, na mtaji wa ziada ambao benki huweka nyakati za neema ili iutumie nyakati za shida.

Hong Kong inafundisha mengi hapa. Sarafu yake imefungwa kwenye dola ya Marekani tangu 1983, hivyo inalazimika kufuata riba ya Marekani, haiwezi kujipangia yake. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990 mabenki yake yalikopesha kwa kawaida bila kuzidi 70% ya thamani ya nyumba. Kati ya 1997 na 2003 bei zilianguka kwa zaidi ya 60%. Familia nyingi zilijikuta zikidaiwa kuliko thamani ya nyumba zao, na hayo yalikuwa maumivu ya kweli. Hata hivyo mikopo ya nyumba iliyochelewa kulipwa haikufika 2%, na mabenki yakabaki yamesimama. Ukomo haukuzuia bei kuanguka. Ulizuia anguko hilo lisiyaburute mabenki na akiba za watu.

Gharama yake ipo, na inamwangukia zaidi kijana anayetafuta nyumba ya kwanza, kwa sababu kianzio, yaani fedha anayotoa mfukoni kabla ya kukopeshwa, ndicho kinachomshinda. Ireland, iliyoweka ukomo mwaka 2015 baada ya bei zake kuporomoka kwa karibu nusu, iliwapa wanunuzi wa mara ya kwanza masharti nafuu ya kianzio. Mwaka 2023 ikawaruhusu kukopa hadi mara 4 ya kipato cha mwaka, kutoka mara 3.5.